Dobi aliyewanyima watoto wa paka maziwa ya mama yao ili waishi

Paka analia nyuma ya mlango wa stoo ya shuka, na Bi Povu hafungui.

Amesimama mbele ya karo, mikono imezama kwenye povu hadi viwikoni. Anafikicha foronya, anaisuuza, anaikamua, anaitupa kwenye beseni. Kila paka akilia, mikono inasita kidogo, kisha inaendelea na kazi.

"Lia, mwanangu, lia," anasema bila kugeuka. "Kulia hakuui. Kinachoua sasa tunakijua."

Upande wa pili wa chumba, mwenzake wa miaka yote, anayeitwa Mama Pasi kwa kazi yake, amesimamisha pasi wima na kujishika kiuno.

"Wewe mwanamke, moyo wako umechongwa kwa jiwe la karo," anamwambia. "Mzazi wa alfajiri ya leo unamfungia kama mwizi?"

"Tena ufunguo nimeutia kifuani, shoga, ili usije ukanishawishi."

"Huko kifuani kwako nani atahangaika kuutafuta?"

Wanacheka. Lakini macho ya Bi Povu hayacheki. Yako dirishani, yanatazama ng'ambo ya barabara, kwenye bucha. Huko, ndani ya boksi nyuma ya jokofu, wamelala watoto wanne ambao paka huyu amewazaa kabla jua halijachomoza. Wananyonya kwa paka mwingine. Hadi kesho asubuhi, tone la maziwa ya mama yao halitakiwi kuwapita kooni.

Msikilizaji ataguna. Mama gani huyu anayenyimwa wanawe? Bi Povu mwenyewe aliguna alipoambiwa mara ya kwanza.

Yeye ni dobi wa nyumba ya wageni yenye ghorofa tatu. Ameifanya kazi hiyo tangu kifungua mimba wake akiwa wa kubebwa mgongoni, na sasa binti huyo ana watoto wa kwake. Jina la Bi Povu walimpa majirani, maana hakuna aliyewahi kumpa mkono akaukuta mkavu. Shuka huteremshwa kwake kwa mafurushi, na siku wageni wakijaa hufua mpaka vidole vikakunjamana kama zabibu kavu.

"Shuka ni mmbeya," anasema. "Mgeni anaondoka na heshima zake, suti na tai, mimi nabaki na siri zake. Nani kala chipsi kitandani, nani kalia na wanja machoni. Yote nayaona, yote nayasuuza."

Paka huyo alikuja mwenyewe. Siku hizo panya walikuwa wameifanya stoo ya shuka kuwa kwao. Walitafuna pindo, walizaa ndani ya mablanketi, na kila shuka lililotobolewa lilikatwa kwenye mshahara wa dobi. Bi Povu alitega mitego, panya wakala chambo na kuuacha mtego ukishangaa. Kisha asubuhi moja akafungua stoo na kumkuta paka mweupe pe amejikunja juu ya taulo, miguuni pake panya amelala chali. Kwa ule weupe wake, akamwita Bafta, jina la kitambaa cheupe.

"Sikumwita, sikumnunua. Mungu alinitumia mfanyakazi asiyedai likizo," anasema.

Shida ilianza Bafta alipozaa.

Uzao wa kwanza watoto walitoka wanene, wenye nguvu, wakalikimbilia ziwa la mama bila kuelekezwa. Bi Povu akafurahi, akawatandikia kitambaa safi. Siku ya pili mmoja akajitenga na wenzake, akawa analia pasipo kunyamaza. Kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa kubaya kuliko kilio. Alipomshika alikuwa baridi kama nguo iliyosahauliwa kambani. Wenzake wakamfuata, mmoja baada ya mwingine.

Uzao wa pili vilevile. Hapo Bi Povu akaingia vitani. Alimkuta mmoja amepoa, akakimbia kumpashia maziwa ya ng'ombe na kumtilia mdomoni. Mtoto akafia mkononi mwake, maziwa yakimtoka puani.

"Sikujua," anasema, na sauti inashuka. "Mtoto wa paka akiwa baridi tumbo nalo limelala. Kwanza umpashe joto, polepole, kifuani kwako au kwenye chupa ya maji ya vuguvugu uliyoizungushia kitambaa. Akishapata joto ndipo umlishe. Tena si maziwa ya ng'ombe, hayo yanamwendesha. Na umlaze kifudifudi, si chali kama mtoto wa mtu. Mimi nilikuwa namlisha kama mjukuu wangu."

Maneno nayo hayakosi wasemaji. Wahudumu wa vyumba wakasema Bafta anawalalia wanawe. Mpishi akasema paka yule ana mkosi, aliona kwa macho yake anavyowatazama. Msimamizi wa nyumba ya wageni, bwana mwenye funguo nyingi kiunoni na maneno machache mdomoni, ndiye aliyetoa hukumu.

"Bi Povu, hapa ni nyumba ya wageni, si makaburi. Akifiwa tena, huyo paka anaingia kwenye gunia na kupelekwa mbali. Sitaki kusikia 'ningalijua'."

Bafta alipozaa mara ya tatu na mtoto wa kwanza akaanza kujitenga, Bi Povu hakungoja. Alivua aproni, akamwachia Mama Pasi shuka zote, akaenda mbio kwa daktari wa mifugo ambaye makoti yake meupe huyafua yeye. Daktari ni kijana mpole, mwenye tabia ya kuuliza kabla ya kushika chochote.

"Ufizi wa mtoto una rangi gani, mama? Wa waridi, mweupe, au wa manjano?"

"Mweupe, kama wa mtu aliyefunga siku nyingi."

"Anaongezeka uzito?"

"Sijampima."

"Mkojo wake? Umeuona rangi yake?"

Bi Povu akaitazama mikono yake. Mkojo wa watoto ulikuwa ukiishia kwenye vitambaa alivyowatandikia, na kwa dobi doa ni adui. Kila kitambaa kilichochafuka alikinyakua na kukitumbukiza kwenye maji ya dawa kabla hakijapoa. Vitambaa vya uzao wa kwanza, vya uzao wa pili, na vya asubuhi ile ile, vyote alikuwa amevifua, na hivi vya mwisho vilikuwa kambani, vyeupe, vinapunga upepo.

"Nimefua," akasema.

Daktari akamtazama, kisha akacheka taratibu, kicheko kisicho na kejeli. "Mama, umenifulia jibu langu."

Bi Povu alirudi stooni akiwa na agizo moja tu: asifue. Na kweli, alipomfuta mtoto pekee aliyebaki hai kwa kitambaa kikavu, kikatoka na doa la rangi ya chai nzito isiyotiwa maziwa. Anasema mikono ilimwasha kwa hamu ya kukiloweka. Akakikunja vilevile, akakipeleka.

Safari hiyo daktari ndiye aliyevaa viatu kwa haraka. Alikuja na kadi ndogo ya kupimia damu, akamtoa Bafta tone moja, akangoja, akaitazama kadi kwenye mwanga wa dirisha. Mtoto wa mwisho hawakumwahi. Lakini jibu walilipata.

"Paka nao wana aina za damu, kama sisi," daktari anaeleza, amekuja asubuhi hii kuwatazama wazazi wake wawili, mama wa kuzaa na mama wa kunyonyesha. "Bafta ana damu ya aina iliyo adimu. Watoto wake wamechukua ya baba yao, ile ya kawaida. Sasa maziwa ya mwanzo ya paka yana askari ndani yake, wa kumlinda mtoto. Askari wa Bafta wakiingia wanaona damu isiyo ya kwao, wanadhani ni adui, wanaivunja. Mtoto anapungukiwa damu, na ile iliyovunjika ndiyo unayoiona kwenye mkojo."

"Na baba yao?" anadakia Mama Pasi.

"Baba yao ni yule dume wa ukutani," anajibu Bi Povu. "Hana anwani, na malezi hatoi."

Daktari anatabasamu na kuendelea. Habari njema, anasema, ni kwamba hatari hiyo haidumu. Siku ya kwanza tumbo la mtoto lina mlango wazi unaopitisha askari hao hadi kwenye damu. Siku hiyo ikipita, mlango unajifunga. Toka hapo maziwa ya Bafta ni chakula tu, tena chakula kizuri.

Siku alipoambiwa hayo, kliniki kwa daktari, Bi Povu aliuliza swali moja. "Kwa hiyo yeye hana kosa?"

"Hana kosa lolote. Ni mama hodari. Alikuwa akiwapa alichonacho."

Bi Povu akaketi kwenye benchi la wagonjwa, katikati ya mbuzi mwenye bandeji na kuku ndani ya kikapu, akalia.

Mwenye kuijua sababu ni Mama Pasi. Bi Povu alipojifungua kifungua mimba wake aliugua homa kali na maziwa yakakauka. Ndugu wa mume wakanong'ona kwamba ziwa lake lina sumu. Mama Pasi, ambaye hakuwa rafiki yake hata kidogo wakati ule, alikuwa na kitoto chake mwenyewe. Alipita mlangoni, akasikia mtoto wa mwenzake akilia njaa, akaingia bila hodi na kumpakata.

"Huku mmoja, huku mmoja, kama ng'ombe," anasema Mama Pasi. "Na yule wa kwake ndiye aliyekuwa mlafi."

"Mpaka leo binti yangu akija, anamsalimia yeye kwanza," anasema Bi Povu. "Namwambia, sawa, nenda kwa mama yako. Nitamlipa nini mtu huyu? Afue nini nisichomfulia?"

Nia ya daktari, aliyemwombea Bafta asitiwe guniani, ilikuwa kumfunga kizazi mara moja. Alipompapasa tumbo akatikisa kichwa. Yule wa ukutani alikuwa amekwishapita tena.

Ndipo ikapangwa mipango ya leo. Mwenye bucha ng'ambo ya barabara, ambaye wateja humwita Kisu Butu kwa jinsi anavyobishana na mfupa, alikuwa na paka aitwaye Mnofu, mwenye watoto wadogo wawili tu na maziwa ya kumwagika. Daktari akampima Mnofu damu: ya kawaida. Bi Povu akaenda kuomba.

"Paka wangu si duka la maziwa," Kisu Butu akasema.

"Jirani, sikuombi paka. Nakuomba siku moja ya paka."

"Na wakifa kwangu? Watu watasema bucha ina mkosi."

"Wakifa kwako, nitakufulia aproni zako mpaka nife. Wakipona, nitakufulia vilevile."

Kisu Butu akazitazama aproni zake, akaona hapo hana cha kupoteza. Akakubali.

Jambo moja halikwenda kama lilivyopangwa. Mama Pasi alikuwa amemshonea Bafta fulana ya foronya yenye matundu manne ya miguu, ili azae, awalambe watoto wake, lakini maziwa yawe yamefunikwa. Bafta aliivaa jana jioni kwa heshima zote. Alfajiri Bi Povu alipofungua stoo, fulana ilikuwa kwenye kona imechanika vipande, na mtoto wa kwanza alikuwa amekwishazaliwa, amekauka, yuko kwenye ziwa.



Alimbandua mtoto huyo palepale. Watatu waliofuata aliwapokea mmoja mmoja, akamwacha mama awalambe mbele yake, kisha akawatia kifuani. Akamfungia Bafta, ule ufunguo nao ukaingia kifuani, na wote wanne wakavushwa barabara hadi kwa Mnofu. Yule wa kwanza alimfunga uzi mwekundu mguuni, uliolegea, ajulikane. Alinyonya kiasi gani? Hakuna ajuaye ila Bafta, naye hasemi.

Ndiyo maana macho yake hayabanduki dirishani.

Karibu na adhuhuri anaanika shuka za mwisho, anavuka barabara. Kisu Butu ametandika kitambaa ndani ya beseni juu ya mzani mkuukuu wa nyuma, usiopima nyama, na anawapima watoto kwa uso wa hakimu.

"Leo unauza paka, Kisu Butu?" anauliza mteja. "Nikatie nusu kilo bila mfupa."

"Wewe hata mkia wake huwezi kuununua. Ngoja zamu yako."

Mtoto anayekua vizuri, daktari amewaambia, lazima aongezeke kila siku, hata kama ni kwa uzito wa kijiko. Asiyeongezeka leo ndiye mgonjwa wa kesho. Kwa hiyo watapimwa leo, kesho, na kesho kutwa, asubuhi asubuhi, kabla nyama haijaletwa.

Bi Povu anamchukua mwenye uzi mwekundu. Anamgusisha shavuni mwake kujua joto. Anamfunulia mdomo kwa ncha ya kidole: ufizi si wa waridi kama wa wenzake. Kisha anachukua kitambaa cheupe, anakilowesha kidogo kwa maji ya vuguvugu, anamsugua chini ya tumbo taratibu, kama ulimi wa mama, maana wakiwa wachanga hivi hawawezi kukojoa peke yao.

Wote wanainamia kitambaa. Hata mteja wa nusu kilo.

Ni kahawia. Hafifu, lakini ni kahawia.

"Ya Rabi," anasema Kisu Butu.

 Bi Povu anamfunga mtoto ndani ya skafu yake, anamweka katikati ya matiti yake, anamwagiza mteja akimbie kwa daktari. Mteja anaacha mfuko wake wa vitunguu juu ya kaunta na kwenda mbio kweli.

Daktari anapofika anamsikiliza moyo, anamtazama ufizi, anakitazama kitambaa kwa muda. "Alinyonya kidogo," anasema. "Mmemwahi. Siwezi kuahidi. Apate joto, anyonye kwa Mnofu, na akishindwa kuvuta nitamlisha kwa bomba mimi mwenyewe. Asiachwe peke yake."

"Hataachwa," anasema Bi Povu.

Na hakuachwa. Mchana ule Bi Povu alifua na mtoto wa paka kifuani. Mama Pasi alipomaliza foronya zake akampokea. Kisu Butu alifunga bucha mapema, jambo ambalo mtaa mzima ulilizungumza, akamshikia kwenye ziwa la Mnofu mpaka alipovuta mwenyewe.

Asubuhi ya pili Bi Povu aliutoa ufunguo kifuani. Aliwafuta watoto kwa taulo alilolalia Bafta, wanuke mama yao, akawaingiza. Bafta aliwanusa wa kwanza hadi wa nne. Akamnusa tena mwenye uzi. Kisha akalala ubavu, akawaita kwa ile sauti ya kooni wanayoijua wao.

Sasa wiki mbili zimepita. Macho yamefumbuka, ya buluu, bado yanashangaa. Watatu ni wanene kama maandazi. Wa nne ni mdogo kidogo, na ncha ya mkia wake ilikauka ikadondoka. Daktari anasema hiyo ni alama ya askari wale, wameondoka na ncha ya mkia wakaacha roho. Mama Pasi anamwita Nusumkia, naye huitikia jina lake kwa kupiga chafya.

Msimamizi wa nyumba ya wageni alipita stooni juzi. Alisimama mlangoni kwa muda mrefu, akichezea funguo zake.

"Huyu mmoja," akasema hatimaye, "akikua, nyumbani kwangu kuna panya."

"Gunia lako lina nafasi?" Bi Povu akamuuliza.

Bwana yule akacheka mpaka funguo zikalia. Amepewa ahadi ya mtoto mmoja, kwa sharti kwamba kwanza atakuja kuomba radhi kwa Bafta. Inasemekana ameomba, mlango ukiwa umefungwa.

Tangu habari zienee, wanawake wa mtaa wameanza kuja karoni na paka wao ndani ya vikapu. Bi Povu huwaambia yeye si daktari, lakini huwafundisha la kutazama: mtoto anayejitenga, anayelia bila kunyamaza, aliyepoa, asiyeongezeka, mwenye ufizi mweupe au wa manjano. Na mkojo. Kisha huwaelekeza barabara ya kwenda kwa daktari, huku akiwasisitiza wasingoje kesho. Siku hizi kuna beseni dogo pembeni ya karo lenye vitambaa visivyoguswa mpaka vitazamwe.

Anawashukuru watu wengi, na hachoki kuwataja: daktari, ambaye amekataa malipo mengine ila makoti yake yawe meupe, Kisu Butu, ambaye sasa ana aproni safi kuliko nyama yake, yule mteja wa vitunguu, ambaye Bi Povu hakupata nafasi ya kumuuliza jina, na Mnofu, anayepelekewa kichwa cha samaki kila soko likifunguliwa.

Linalomngoja sasa ni moja. Anaketi kwenye kizingiti cha stoo, mikono mapajani, safari hii mikavu. Ndani, Bafta amelala na wanne wamejipanga tumboni mwake, mmoja akiwapanda wenzake apate mahali.

"Wakiacha kunyonya nitampeleka nimembeba mwenyewe, afungwe kizazi," anasema kwa sauti ya chini asije akawaamsha. "Kazaa vya kutosha, kalia vya kutosha. Hawa wanne wanamtosha kuitwa mama."